Maneno Unayoyatafuta Yamo Inboksi

Wenye biashara wengi wanaoniuliza kuhusu Google huanza na swali lilelile: nikiwa na wafuasi wengi na laiki nyingi, tovuti yangu itapanda? Wengine hawaulizi tena, wameshalipa. Kuna mtu kawauzia wafuasi, kawauzia laiki, kawahakikishia ukurasa wa kwanza. Wafuasi wamekuja kweli, wana majina yasiyotamkika na picha za machweo, na tovuti iko palepale ilipokuwa.

Hapana, haipandi kwa njia hiyo. Mwaka 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha Google cha kupambana na kurasa za hila, alilizungumzia suala hili kwenye video. Alisema kurasa za Facebook na Twitter huchukuliwa kama kurasa nyingine zozote za mtandaoni, na kwamba idadi ya wafuasi au laiki haimo katika hesabu ya kupanga matokeo. Sababu zake zilieleweka. Mitandao hiyo ni mali ya watu wengine na inaweza kuifungia Google mlango siku yoyote, na taarifa za humo hubadilika kila saa, kiasi kwamba Google ingebaki na picha ya jana ikidhani ni ya leo. Mimi naongeza ya tatu, ambayo kila muuza wafuasi anaijua: kitu kinachonunulika kirahisi hivyo hakifai kuwa kipimo.

Linki nazo zina habari yake. Google ilianzishwa mwaka 1998 juu ya wazo la Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi Stanford, kwamba ukurasa unaoelekezewa linki na kurasa nyingine una uzito, na ukielekezewa na wenye uzito unazidi kuwa mzito. Wajanja hawakuchelewa. Wakamwaga linki zao kwenye maoni ya kila blogu waliyoikuta wazi. Ndipo mwaka 2005 Google, Yahoo na MSN zikakubaliana kuhusu alama ya nofollow, inayoiambia injini ya utafutaji isiihesabu linki husika kama kura. Mitandao mikubwa ya kijamii huibandika alama hiyo kwenye linki zinazowekwa na watumiaji. Mwaka 2019 Google ililegeza kidogo, ikasema itaichukulia kama dokezo badala ya amri, lakini anayeamini kwamba kubandika anwani ya tovuti yake chini ya kila posti kunamjengea kitu Google, anajichosha bure.

Basi mitandao ina faida gani? Ipo faida, tena kubwa, ila imekaa upande ambao wengi hawauangalii. Mitandao ni mahali ambapo wateja wanakuandikia kwa maneno yao wenyewe, bila kuandaliwa, bila kusaidiwa na mtu wa masoko. Na maneno hayo ndiyo watakayoyaandika kwenye kisanduku cha Google siku ambayo hawana wa kumwuliza.

Chukua biashara ya kutengeneza simu, popote ilipo. Fungua tovuti yake na kuna uwezekano mkubwa utakutana na sentensi ya aina hii: “Tunatoa suluhisho bora za matengenezo ya vifaa vya kielektroniki kwa weledi na ubunifu.” Nani aliwahi kuamka asubuhi akatafuta hivyo? Sasa shuka kwenye komenti za ukurasa wake wa Facebook, halafu ingia inboksi. Utakuta haya:

“simu inawaka ila kioo cheusi tatizo nn”
“nikichomeka chaji inaniandikia kuna unyevu na haijaingia maji”
“mkibadili kioo picha zangu zitapotea?”
“betri imevimba naweza kuendelea kutumia”

Kila mstari hapo ni ukurasa unaosubiri kuandikwa. Angalia hasa ule wa tatu. Hauna neno “matengenezo”, hauna neno “fundi”, hauna neno “bei”. Ukienda kwenye programu yoyote ya kupendekeza maneno ya utafutaji ukaandika “kutengeneza simu”, si ajabu usilione swali hilo kabisa. Lakini hofu hiyo ndiyo inayomfanya mtu akae na kioo kilichopasuka miezi mingi, akijikata kidole kila akitaka kusoma ujumbe. Mwenye biashara akiandika ukurasa unaojibu wazi, kwamba kubadili kioo hakugusi sehemu inayohifadhi picha, kwamba hata hivyo ni busara kuweka nakala kwanza, na kwamba simu iliyoanguka majini ni kesi nyingine kabisa, atakuwa amemwondolea mteja kikwazo ambacho washindani wake hawajui hata kama kipo. Na atakuwa ameyaandika maneno yaleyale ambayo Google itayatafuta.

Namna ninavyoifanya kazi hii ni ya kizamani kiasi. Nafungua jedwali la kawaida kwenye kompyuta. Nachukua komenti, ujumbe wa inboksi, maswali yaliyoingia WhatsApp ya biashara, na yale ambayo wahudumu wanasema wanaulizwa kwenye simu kila siku. Nanakili swali kama lilivyoandikwa, na makosa yake ya tahajia, na vifupisho vyake, na mchanganyiko wake wa lugha. Majina na namba za watu naziacha hukohuko. Sihitaji kujua ni nani aliyeuliza, nahitaji kujua kauliza vipi. Kishawishi kikubwa ni kusahihisha. Mtu anaona “inachaji polepole” anaibadilisha iwe “upungufu wa kasi ya kuchaji”, akidhani anaipa heshima, kumbe ameipoteza. Liache swali na uchafu wake mpaka uone mengi ya aina yake, kisha yapange kwa haja: wanaotaka kujua kama tatizo linatibika, wanaotaka kujua bei, wanaoogopa kupoteza vitu vyao, wanaotaka kujaribu wenyewe kwanza nyumbani.

Kundi hilo la mwisho huwachukiza wenye biashara. Kwa nini nimfundishe mtu kujifanyia, wanauliza. Kwa sababu anatafuta tayari, na atampata mwingine wa kumfundisha. Ukimweleza vizuri hatua za kusafisha tundu la chaji, na ukamwambia ukweli ni wapi aishie kabla hajaharibu zaidi, wewe ndiye atakayekukumbuka akikwama. Na wengi hukwama.

Baada ya jedwali ndipo zana zinaingia. Ya kwanza ni kisanduku chenyewe cha Google. Andika maneno ya mteja taratibu uone kinachopendekezwa kabla hujamaliza, angalia maswali yanayofanana yanayojitokeza katikati ya matokeo, na utafutaji unaohusiana ulioko chini kabisa. Halafu tazama ni nani wamekaa ukurasa wa kwanza, maana hapo Google yenyewe inakuonyesha inadhani mtu anataka nini. Ukikuta ukurasa mzima ni video, makala yako ya maneno matupu itapata tabu hata iwe nzuri namna gani. Ukikuta ni maduka ya kuuza bidhaa, mtafutaji huyo ana pesa mkononi, hataki somo. Watu huruka hatua hii na kukimbilia idadi ya utafutaji kwa mwezi, wakati kujua mtafutaji anataka nini kuna thamani kuliko tarakimu yoyote.

Google Trends, zana iliyopo tangu 2006 inayoonyesha neno linavyotafutwa kadiri muda unavyokwenda, ni nzuri kwa kulinganisha maneno mawili yanayoshindana, au kuona kama jambo lina msimu. Isomwe kwa uangalifu tu: namba zake za 0 hadi 100 ni uwiano, 100 ikiwa kilele cha neno hilo katika kipindi ulichochagua. Haisemi kwamba watu 100 walitafuta. Nimeona mipango ya biashara iliyojengwa juu ya kosa hilo. Keyword Planner, zana ya kukadiria idadi ya utafutaji iliyomo ndani ya Google Ads, mfumo wa matangazo wa Google, nayo inasaidia, ingawa asiyelipia matangazo huonyeshwa makadirio mapana mno. Na kwa lugha zisizo na maandishi mengi mtandaoni, au kwa misemo mirefu, mara nyingi utaona sifuri au kistari.

Sifuri hiyo isikutishe. Google imekuwa ikisema kwa miaka mingi kwamba kiasi cha asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku ni maneno ambayo haikuwahi kuyaona kabla. Zana haiwezi kukuhesabia ambacho hakijawahi kuandikwa. Kama swali limekuja inboksi mara kwa mara kutoka kwa watu wasiojuana, mimi naliamini kuliko sifuri ya zana.

Sasa maneno unayo. Uyaweke wapi? Kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye aya ya kwanza, kwenye vichwa vidogo pale yanapokaa bila kulazimishwa, kwenye anwani ya ukurasa, na kwenye maelezo ya picha ambayo husomwa na mashine na pia na programu za watu wasioona. Hapo imetosha. Kile kisehemu cha siri cha maneno muhimu ndani ya msimbo wa tovuti, ambacho mafundi wengine bado wanakutoza pesa kukijaza, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo.

Wapo ambao bado wanarundika. Sentensi moja ina neno lilelile mara nne, mwisho wa ukurasa kuna orodha ya miji yote nchini, na wengine huficha maneno kwa kuyapaka rangi ya mandhari ya nyuma. Habari hii ina historia ndefu, na haikuwaacha hata wakubwa. Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo yake. Tovuti hiyo ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kama “magari yaliyotumika” kwa ajili ya injini ya utafutaji, huku mtu wa kawaida akizifungua anarushwa kwenye ukurasa mwingine tofauti. Walizitoa kurasa hizo na wakarudishwa baada ya siku chache. Kampuni ya ukubwa ule inaweza kupigiwa simu na kurudishwa haraka. Biashara ndogo ikipotea, nani ataiulizia? Baadaye Google ikaleta mabadiliko katika namna ya kupanga matokeo: Panda mwaka 2011, iliyobana kurasa nyepesi zisizo na maana, na Penguin mwaka 2012, iliyobana linki za kununua na urundikaji wa maneno.

Na siku hizi hakuna hata haja ya kurundika. Mwaka 2019 Google iliingiza mfumo wa BERT, unaosoma neno kwa kuangalia yaliyo kabla na baada yake, na mwisho wa mwaka huohuo ikaupanua kwa lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. Haina maana kwamba inakielewa Kiswahili kama bibi yako anavyokielewa. Ina maana kwamba huhitaji ukurasa mmoja wa “kubadili kioo”, mwingine wa “kubadilisha kioo” na wa tatu wa “kioo kubadilishwa”. Andika mmoja, uandike vizuri, na utumie maneno ya watu.

Kuna upande mwingine wa mitandao ambao umekua haraka: watu wanatafuta humohumo ndani. Mwaka 2022 Prabhakar Raghavan, aliyekuwa akisimamia utafutaji wa Google, alisema hadharani kwamba katika tafiti zao karibu asilimia 40 ya vijana wanapotafuta mahali pa kula mchana huenda TikTok au Instagram badala ya Google. Kauli hiyo ikitoka kwa mtu wa Google mwenyewe, ina uzito. YouTube nayo, ambayo Google iliinunua mwaka 2006, kwa watu wengi ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza “vipi”.

Kwa hiyo yale maneno ya kwenye jedwali yana kazi na huku pia. Sehemu ya jina kwenye Instagram inatafutika, basi jina la biashara lifuatwe na kazi inayofanyika kwa maneno ya kawaida, badala ya nyota na vikopa. Maelezo chini ya picha yaanze na swali lenyewe. Kwenye video, litamke swali kwa sauti katika sekunde za mwanzo, maana mitandao hii hujaribu kugeuza sauti kuwa maandishi, na mtazamaji naye anataka kujua haraka kama amefika penyewe. Hashtagi sizikatai, lakini hashtagi yenye mamilioni ya posti ni bahari; yako haitaonekana. Chache zinazosema hasa unachofanya zinatosha.

Tangu Julai 2025 jambo hili limekaribiana zaidi na Google, kwa sababu Instagram iliruhusu picha na video za wazi za akaunti za biashara na wabunifu zionekane kwenye injini za utafutaji. Posti iliyoandikwa “Mzigo mpya umeingia 🔥🔥 DM” haina chochote cha kuonekana. Mzigo gani? Wa nani? Umeingia wapi? Mtu aliye ndani ya ukurasa wako anajua, Google haijui.

Hata hivyo posti ina maisha mafupi, na hapa ndipo naona nguvu nyingi zinapotea. Mhudumu anajibu swali la betri iliyovimba vizuri kabisa, kwa utulivu, na tahadhari zote: acha kuitumia, usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi. Amejibu WhatsApp. Limesomwa na mtu mmoja. Wiki ijayo atalijibu tena upya kwa mwingine. Google haiingii WhatsApp, haiingii makundi ya faragha ya Facebook, haiingii inboksi. Jibu hilo likihamishiwa kwenye ukurasa wa tovuti linakuwa mali ya biashara, na mhudumu anaweza kulituma kama linki kila swali likirudi. Kwa ushauri wangu, biashara isiyo na muda wa kuandika “makala” isiandike makala. Ikusanye majibu yake yenyewe.

Kwa biashara ambazo mteja huzifuata zilipo, kuna wasifu wa Google, ule unaoonekana na ramani. Google inasema hupanga matokeo hayo kwa mambo matatu: kama unalingana na kinachotafutwa, uko umbali gani, na unajulikana kiasi gani. Umbali huna la kufanya. Kulingana kunaanza na kuchagua aina sahihi ya biashara na kuandika huduma kwa majina yanayotafutwa. Jina, anwani na namba ya simu vifanane kila mahali, Facebook, Instagram, tovuti na kwenye ramani. Ukikuta namba tatu tofauti, hata mteja anasita. Na maoni ya wateja yasome kwa jicho la maneno, kwani mteja aliyeridhika hukuelezea kwa lugha ambayo mteja mwingine ataitafutia. Maoni ya kununua achana nayo. Mbali na kuvunja sheria za Google, huwa hayana neno hata moja la maana ndani yake.

Turudi kwenye linki na umaarufu, kwa sababu sikusema mitandao haina mchango wowote huko. Ina mchango wa kuzungukia. Mtu anaona video yako leo, hanunui, baada ya muda anakumbuka jina na kuliandika Google. Mwingine ana blogu au gazeti la mtandaoni, anaona ulivyoeleza jambo, analinukuu na kuweka linki kwenye tovuti yake. Hiyo ndiyo linki yenye uzito. Huwezi kuiagiza, na huipati kwa kupiga picha za bidhaa tu. Huja kwa kuwa na kitu cha kunukuliwa: jaribio ulilofanya, picha za kabla na baada, maelezo ambayo wengine wameona uvivu kuyaandika.

Utajuaje kama yote haya yanafanya kazi? Google Search Console, zana inayokuonyesha tovuti yako inavyoonekana kwenye matokeo ya Google, ni ya bure na huhifadhi takwimu za miezi 16. Ingia sehemu ya matokeo ya utafutaji, panga maneno kwa idadi ya mara ulizoonekana. Mimi huanza kuangalia yale ambayo ukurasa umeonekana sana lakini haubofywi. Mara nyingi tatizo ni kichwa: mtu katafuta “simu inawaka kioo cheusi”, kaletewa ukurasa wako wenye kichwa “Huduma Zetu”, kaupita, kaenda kwa jirani aliyeandika alichouliza. Badili kichwa kiseme hivyo, hakikisha ndani ya ukurasa jibu lipo kweli, subiri. Kisha chuja jina la biashara yako peke yake uone kama linatafutwa zaidi kipindi ulichokuwa hai mitandaoni. Usishangae jumla ya maneno isipolingana na jumla ya mibofyo. Yale yaliyotafutwa na watu wachache mno Google huyaficha kwa ajili ya faragha.

Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Google yenyewe inasema mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache na mengine huchukua miezi kadhaa. Muuza laiki hawezi kukuambia hivyo, biashara yake ingekufa.

Swali ambalo bado nasumbuliwa nalo ni la wasio na tovuti kabisa. Je, ukurasa wa Instagram na wasifu wa kwenye ramani vinatosha? Kuanzia vinatosha, na siku hizi kuliko zamani. Lakini akaunti inaweza kufungwa kwa sababu ambayo hutaelezwa, na majibu yako yote yakaenda nayo. Kwa hiyo jedwali lile lihifadhi kwako, maswali upande mmoja na majibu upande wa pili. Siku ukifungua tovuti, hata iwe ya kurasa tano, hutamwuliza mtu aandike nini.